Nusu Mita Kutoka kwa Bibi Harusi

Jumamosi. Jua la Juni, la kweli kweli, la kuanika nguo zikakauka kabla ya mchana. Hata majirani zangu hapa Neasden wametoa viti nje na kuianika miguu yao. Siku nzuri ya harusi. Mimi nimerudi nyumbani kichwa kinanigonga na roho chungu, na naandika hapa kwa sababu nikimpigia mtu simu sasa hivi nitasema maneno ambayo siwezi kuyarudisha.

Leo nimempiga picha mwanamke anayeolewa kesho na mume wangu wa zamani.

Haya, chekeni. Ingekuwa habari ya mtu mwingine, hata mimi ningecheka mpaka nikajishika mbavu.

Kwa wasionijua, mimi kazi yangu ni mikono. Sisi watu wa Mombasa, siku ya hina ni ya wanawake watupu, na bibi harusi hapigwi picha ya uso ikaenda kuzurura kwenye simu za watu. Kinachopigwa ni viganja, vidole, nyayo, yale maua ya hina na piko, rangi ile nyeusi, yanavyopanda mpaka kwenye kiwiko. Basi ndiyo riziki yangu hiyo hapa London tangu nilipoachika. Mabibi harusi wangu wengi nikikutana nao kwenye basi siwajui, lakini wakishika bomba la basi nawatambua.

Ulionifikisha huko leo ni mdomo wangu mwenyewe. Zuwena, dada wa huyo mume wangu wa zamani, baba wa binti yangu Nuru, ambaye bado namwita wifi kwa kuwa ulimi umeshazoea, alinivizia siku ya Idd. Tulikuwa wanawake jikoni kwake, tunakata vitunguu vya pilau, na akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka sebuleni: "Wifi, hina ya Sabra, bibi harusi wetu, utapiga wewe, au nitafute mtu?"

Visu vyote vilisimama. Nawajua wale wanawake. Walikuwa hawasubiri jibu, walikuwa wanasubiri uso wangu.

Ningesema siwezi, nina kazi nyingine, habari ingekuwa imeshapita Tottenham yote kabla wali haujaiva: roho inamuuma, bado anamtaka, hajapoa huyo. Ningesema naumwa, wangesema ugonjwa wenyewe tunaujua. Kwetu ukikataa umeshakiri. Kwa hiyo nikatabasamu, machozi ya vitunguu yakiwa kisingizio kizuri, nikasema, "Kwani mimi nina nini? Nitapiga, tena picha za kuangaliwa." Wakaendelea kukata vitunguu. Mjinga mimi, nikajiona nimeshinda.

Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka picha za hina hupigwa vipi.

Nieleze kidogo, maana watu huniuliza. Lenzi ya kawaida ukiisogeza karibu sana na kitu, inakataa, inaona ukungu. Lenzi maalumu ya vitu vidogo ni ghali na nzito. Sisi wengine hununua kioo cha duara, kinafungwa mbele ya lenzi kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa ya jamu, na ile lenzi ya kawaida ghafla inaweza kuona mpaka uzi wa hina kabla haujakauka, ulivyovimba na kung'aa juu ya ngozi. Vioo hivyo vina namba. Namba ndogo, unakaa mbali. Namba kubwa, unasogea. Kioo cha namba kumi kinakutaka ukae karibu na mkono wa mtu kiasi cha upana wa kiganja, na si pungufu wala zaidi. Ukipumua tu, picha imepotea.

Mimi ninavyo vile vya bei rahisi, vinne kwenye kimfuko, na miaka yote nimetumia hicho cha namba kumi. Pembeni kinafifia na kuweka utepe wa zambarau kwenye kila mstari, lakini katikati kinafanya kazi. Na miaka yote nimekaa hivyo, goti kwa goti na mabibi harusi, mkono wao juu ya paja langu, nanusa udi wao, nasikia matumbo yao yakinguruma kwa njaa na wasiwasi. Sijawahi kuona tabu. Ni wanangu wote.

Huyu sikuweza. Nilikaa kitandani nikaufikiria mkono ule juu ya paja langu, nikasema hapana, haiwezekani.

Basi nikaanza kutafuta kioo. Hakuna bibi harusi aliyewahi kuchagua shela kwa umakini niliochagulia mimi kile kioo. Nikasoma usiku na mchana, nikatazama video za wazungu wanaopiga picha za nyuki na uyoga, nikajifunza kwamba kuna vioo vizuri zaidi, vya vipande viwili vilivyogandishwa pamoja, ambavyo havina ule utepe wa zambarau. Na kwamba ukichukua cha namba mbili ukakifunga kwenye lenzi ndefu, unapata picha kubwa ileile ukiwa umekaa nusu mita.

Nusu mita! Kama nimepewa visa.

Nikaenda Wembley kwa Bwana Harish, anayeuza kamera za mitumba na vikorokoro vyake. Mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake ni kizuri kushinda cha mwanangu. Akaniwekea vioo juu ya kaunta, kwenye kitambaa, akanipa na lenzi ndefu nijaribu kupiga picha ya kidole chake chenye pete.

"Kwa hina ningekupa hiki cha namba tatu, mama," akasema. "Namba mbili ni kwa watu wa vipepeo. Kipepeo ukimsogelea anaruka. Bibi harusi wako ataruka?"

Nikamwambia nataka namba mbili.

"Lakini unakaa mbali bure."

Nikamwambia, Bwana Harish, nifungie. Akanifungia. Akanitazama juu ya miwani kama anataka kuuliza, halafu akawa muungwana, hakuuliza. Nilitoka pale nimekumbatia kile kiboksi kama mtu aliyetoka famasi na dawa yake. Wateja wangu nitawaambia nimenunua kwa ajili ya ubora. Ninyi nawaambia kweli. Nimenunua umbali.

Leo sasa.

Ukumbi ulikuwa Tottenham, ule ulio chini ya maghorofa, wa kukodi, wenye zulia linalonuka maji. Zuwena alikuwa ameupamba ukapendeza, siwezi kumnyima haki yake; mito, mapazia ya kijani, asumini sijui kaipata wapi. Nuru, binti yangu, ana miaka kumi, nilikuja naye kwa kuwa baba yake alitaka awepo. Wanawake wakaniangalia nilivyoingia. Nikawapa meno yote. Nikasalimia wakubwa mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, nikaenda kufungua mkoba wangu kwa madaha.

Na Sabra yupo katikati, juu ya godoro, mikono ameinyoosha juu ya mito, msichana wa hina anamalizia kidole cha mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilijiandaa vizuri, hata manukato nilijipulizia ya ghali. Nikakuta mtoto. Si mtoto wa miaka, ni nesi mzima, amekuja mwaka jana tu kutoka nyumbani kufanya kazi wodini. Lakini ana uso ule wa mtu anayetazama mlango kila ukifunguka, akidhani kuna aliyekuja kumgombeza.

Nikafunga lenzi yangu ndefu, nikafunga kioo changu kipya cha namba mbili, nikarudi nyuma nusu mita, nikapiga goti.

Nikaona kisogo cha mtu.

Nikasubiri kisogo kiondoke. Kikaja kingine. Kikaja kiwiko, kikaja kikombe cha kahawa, ikaja sahani ya visheti, akaja mtoto wa nani sijui akasimama katikati akijikuna. Shangazi mmoja akainama kabisa juu ya ule mkono kuangalia hina imekolea vipi, akabaki ameinama palepale anasimulia habari ya harusi ya bintiye. Nikaomba nafasi. Wakasogea, wakacheka, samahani mama Nuru, wakarudi. Jamani, hina ni ya kutazamwa! Hakuna mwanamke wa Mombasa atakayeacha nusu mita ya hewa tupu kati yake na mkono wa bibi harusi. Wale wazungu na nyuki wao hawakuniambia hilo. Miaka yote hii nilikuwa napata picha kwa sababu nilikuwa ndani ya lile duara, nimeliziba kwa mwili wangu, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

"Wifi, mbona leo umekaa huko kama polisi?" Zuwena huyo. "Sogea bwana, hina inakauka."

Wakacheka. Sabra peke yake hakucheka.

Na kweli ilikuwa inakauka. Nikavunja heshima ya kioo changu kipya, nikakirudisha kwenye kiboksi chake, nikafunga lenzi fupi na kile cha zamani cha namba kumi. Nikaingia katikati. Nikakaa goti kwa goti na bibi harusi wa baba Nuru, nikauchukua mkono wake kwa chini, polepole nisiharibu, nikauweka juu ya paja langu.

Ulikuwa baridi. Ulikuwa unatetemeka.

Kwenye kile kioo, mkono unaotetemeka kidogo unaonekana kama tetemeko la ardhi. Ua linakuja, linaenda, linakuja. Nikamwambia apumue, nami nitapiga akishatoa pumzi. Nimewaambia hivyo mabibi harusi wote. Akajaribu. Nikainama zaidi. Kichwa changu na chake vikawa pamoja, na juu yetu vigelegele vimeanza, mtu anaigiza tarumbeta kwa mdomo, na hapo ndipo akaniuliza. Hakufungua hata meno.

"Dada, baba Nuru hanisemeshi tangu Jumanne. Nimempigia, hapokei. Sijui nimemkosea nini. Na kwako wewe alikuwa hivyo?"

Mnajua mimi niliachikaje? Hamjui. Hakuna anayejua. Watu waliponiuliza nilisema riziki ilikwisha, na wao wakasema hivyohivyo, na maneno yale yakafunika kila kitu kama kawa juu ya sahani. Baba Nuru hakunipiga. Hakunitukana, hakulewa, hakuwa na mwanamke nje. Alikuwa ananuna. Mkisikia mtaona ni jambo dogo, na mimi pia niliona ni dogo, ndiyo maana nikaona haya kulisema. Unaamka asubuhi, mtu hakuitiki. Anakula chakula chako, anavaa shati uliloliosha, anakaa sofa moja na wewe, na kwake ni kama hupo. Siku zinapita. Unapekua kila neno ulilosema wiki nzima. Unaomba msamaha kwa hiki, sicho, unaomba kwa kile, sicho. Halafu siku moja, ukiwa umeshalia mpaka umekauka, anakuja na kuku wa kukaanga na soda, anakuita mpenzi, na wewe mjinga unashukuru. Mara nyingine sikuijua kabisa sababu, mpaka leo siijui. Nilifika mahali nikawa natembea nyumbani mwangu kwa ncha za vidole.

Kumwambia mtu hayo kungekuwa kumvua nguo baba wa mwanangu mbele za watu. Kwetu mume unamsitiri, hata akishakuwa si mumeo. Nilifunzwa hivyo na mama yangu, naye alifunzwa na mama yake, na sote tukaitwa wanawake wenye adabu.

Sasa Sabra ananiuliza, uso wake uko kiganja kimoja na wangu, na Zuwena yuko begani kwangu ananusa. Neno moja tu lilihitajika. Ndiyo. Hata kutikisa kichwa kungetosha.

Nikamwambia, "Tulia. Usitikisike."

Akatulia. Nikapiga. Picha ikatoka kali sana, kila mstari umesimama, na hata nywele ndogo za kwenye kidole zinaonekana.

Nikapiga mkono wa pili, nikapiga nyayo, nikampiga na Nuru picha ya mkono wake maana alikuwa ametiwa ua moja akafurahi. Nikala visheti. Nikaaga. Wanawake wakasema mashallah, mama Nuru ana moyo, wakaniombea dua nipate na mimi wangu. Na mimi nikaitika amin, nikapanda basi na mwanangu mpaka Seven Sisters, tukashuka chini kupanda treni, tukabadilisha Green Park. Njia nzima nilikuwa nikijisifu kimoyomoyo. Nimejizuia. Nimesitiri. Hawakupata cha kusema.

Kufika Baker Street, sikuweza tena kujisifu.

Tulipofika nyumbani nikaweka picha kwenye kompyuta, nikachagua chache, nikamtumia Sabra kama nilivyoahidi. Jibu likaja hapohapo, na mioyo myekundu safu nzima. Picha nzuri dada, Mungu akubariki. Halafu likaja la pili. Dada, kashanipigia simu! Nimemwomba tu msamaha na yakaisha, sasa ni furaha tupu. Tafadhali usimwambie mtu nilivyokuuliza.

Nimemwomba tu msamaha.

Nuru alikuwa nyuma ya kiti changu, anasubiri kuona picha ya ua lake. Huyu mtoto Kiswahili anakielewa chote, kusoma anasoma polepole, na kujibu hujibu kwa Kiingereza. Akausoma ujumbe mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kiingereza chake, bila hata kupandisha sauti, kama mtu anayemsaidia mwenzake hesabu, kwamba Sabra amefanya sawa, hiyo ndiyo njia ya haraka, na yeye hufanya hivyo pia.

Nikamgeukia. Nikamuuliza, baba yako anakununia wewe?

Akainua mabega. Mara nyingine, akasema. Jumamosi zake, nikiwa kwake. Wakati mwingine mpaka Jumapili. Unamwambia samahani, halafu mnaenda kununua aiskrimu.

Samahani kwa kosa gani, Nuru?

Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la ajabu. Akasema hajui, si lazima ujue. Halafu akasema, na hakuwa na nia mbaya hata chembe, "Si ndivyo ulivyokuwa ukifanya wewe?" Hilo alilisema kwa Kiswahili.

Nimemtuma jikoni akajikaangie yai, kwa sababu sikutaka aone uso wangu. Miaka yote nilidhani namficha. Nilikuwa nafunga mlango wa chumba nikilia, nafungua bomba la maji, najipaka wanja upya kabla sijatoka. Kumbe mtoto alikuwa anajifunza.

Kwa hiyo nimemwandikia Sabra. Sikuandika mengi, na sikumpamba wala sikumtukana mtu. Nimeandika: Umeniuliza swali nami nikakunyamazia, na hilo ni kosa langu. Ndiyo, alikuwa hivyo. Ilianza kwa siku chache, ikafika miezi. Kumwomba msamaha hakuiponyi tabia hiyo. Mwanangu wa miaka kumi sasa anamwomba msamaha naye hajui kwa nini. Kesho uamuzi ni wako, nami sitakusema vibaya kwa lolote utakaloamua. Nambari yangu unayo.

Nimetuma. Ameisoma. Hajajibu.

Aliyepiga ni Zuwena; bila shaka ameonyeshwa ujumbe wangu. Sijapokea, amepiga tena, sijapokea, sasa anatuma sauti, na sihitaji kuzisikiliza kujua zinasema nini. Nikaha ni kesho baada ya Adhuhuri. Huenda Sabra akaolewa vilevile, na wale wanawake walioniombea dua leo kesho watanimenya kama vitunguu, watasema tulijua, wivu ulikuwa unamchemka, hakuweza kuvumilia hata siku moja. Nilijitia kwenye shughuli nzima ili nisiitwe hivyo. Naumia, nisijifanye siumii. Mji huu una watu wetu wachache, na kesho watapungua.

Baba Nuru naye atapiga, au hatapiga. Tutazungumza habari ya Jumamosi zake, atake asitake, na akininunia safari hii atanikuta sina haraka.

Nje bado kuna mwanga. Nuru anakula yai lake kwa mkono mmoja, ule mwingine ameuinua juu asiharibu ua. Nimemwita aje akae hapa karibu yangu, na nasikia anakuja. Sijui nianzie wapi.

Nadhani nitaanza kwa kumwomba msamaha mimi, na kumwambia ni kwa kosa gani.